Muulize Anti: Ofisi nzima inapanda Kilimanjaro, na mimi hata ngazi zinanishinda

Wiki hii barua zimekuja nyingi za jambo moja, inaonekana maofisi yamechoka kuvuta kamba ufukweni na kukimbia na magunia, sasa hivi kila HR anataka wafanyakazi wapande mlima. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa, mtanisamehe.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, nafanya uhasibu kwenye ofisi moja hapa Dar. Juzi HR katupia tangazo kwenye grupu la WhatsApp eti tim bildingi ya mwaka huu hatuendi Bagamoyo kula samaki kama miaka yote, tunapanda Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, siku tano, na tarehe 9 Desemba tuwe kileleni tumeshika bendera ya kampuni. Watu wakajaza vidole gumba na vimoto, mimi nikabaki nimeduwaa na simu mkononi. Anti mimi lifti ikiharibika, kufika tu ghorofa ya nne natoka jasho mpaka kope za bandia zinabanduka. Alafu nina presha, nameza dawa mwaka wa tatu huu na ofisini hamna anayejua. Bosi kasema kikaoni asiyekwenda aandike barua ya kujieleza. Sasa niende nikafie huko au nikatae nionekane najitenga na wenzangu? Na hiyo presha niwaambie? Mama wa Tabata.

ANTI: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka pale kwenye kope, mara ya pili nikanyamaza maana nimekumbuka ya kwangu.

Mimi nilipanda na ofisi nikiwa na miaka 44. Tulikuwa watu 16, wengi wetu mlima tuliuona kwenye noti na kwenye dirisha la basi la Arusha, basi. Siku ya kwanza kutoka geti la Marangu mpaka kituo cha Mandara ni raha tupu, msitu umefunga, mbega wanakuchungulia juu ya miti na mikia yao mieupe, tunaimba, tunataniana, bosi anatembea mbele kama anawahi daladala ya mwisho. Siku ya pili tukafika kituo cha Horombo, hapo ni mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, nyimbo zikaanza kupungua, kila mtu anasikilizia kichwa chake. Kituo cha mwisho, Kibo, ndiyo usiseme, mita 4,720, jangwa la mawe na baridi, hata maji hamna, yanabebwa kutoka chini na wale vijana wanaoitwa wagumu, na kweli ni wagumu. Saa tano usiku tukaamshwa, chai na biskuti mbili, tukaingia gizani na tochi za kichwani kwenye ile changarawe inayoteleza, yaani unapiga hatua moja unarudi nusu.

Mimi nilifika pango la Hans Meyer, mita 5,150. Hapo nilikuwa nimeshatapika mara tatu. Mwongozaji akanimulika usoni akasema mama tunashuka, nikabisha, nikamwambia nimejiandaa miezi miwili kijana wewe usinirudishe. Hakugombana na mimi, akaniambia tu haya nitembelee mstari ulionyooka, kisigino kiguse vidole, hatua kumi. Ya tatu nikayumba kama nimetoka kilabuni. Tukashuka. Mchana nipo Horombo, kichwa kimeachia chenyewe, naulizia kama mtori umebaki.

Sasa sikiliza kilichoniuma, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Kati yetu 16, watano walifika Uhuru, kileleni kabisa, wanne wakaishia Gilman's Point, pale ukingoni kabla ya kilele, saba tukabaki chini ya hapo. Ijumaa iliyofuata ofisini HR kaandaa keki, wale tisa wakaitwa mbele mmoja mmoja na vyeti vyao vya hifadhi vimetiwa kwenye fremu, sisi saba tukaambiwa tuwapigie makofi. Tukapiga. Na katika hao saba alikuwemo dada wa masjala, mtu mzima ana mapafu kama ya punda, angeweza kabisa kufika, lakini pale Kibo aliamua kubaki na mwenzetu mmoja aliyekuwa anatetemeka na kulia, usiku mzima anamkanda miguu na kumnywesha chai kijiko kwa kijiko. Hiyo haina cheti. Kuanzia siku ile tukawa na wa Kileleni na wa Kibo, utani wa kantini ule ambao mwanzo na wewe unacheka alafu siku unashtuka unakula peke yako mezani. Nilikaa ile ofisi miaka mingine miwili na jina la Kibo likanifuata mpaka siku nakatiwa keki ya kuaga. Kwa hiyo tulitumia mamilioni kwenda kujengwa timu tukarudi tumegawanyika vizuri zaidi kuliko tulivyoondoka.

Ndiyo maana nakuambia, kabla hujamuuliza HR habari za mabuti na makoti, muulize hivi: sisi kama ofisi, safari yetu inaishia wapi? Akikujibu kileleni, mwambie kwa upole kileleni hawafiki wote, hata wanajeshi na vijana wa mazoezi wanarudishwa, na mlima haukupi sababu. Mwambie mwisho wa timu uwe Horombo. Pale mlale siku mbili, hiyo siku ya katikati mpande taratibu mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye mistari kama pundamilia, ni kama mita 4,000 na zaidi kidogo, mpige picha na bendera yenu mkiwa kamili, mshuke Horombo mlale. Anayetaka kuendelea Kibo na Uhuru aendelee kesho yake na baraka zote, hiyo ni ya kwake, lakini ya ofisi imeshakamilika. Na keki ikatwe ya Horombo. Najua bosi atanuna, bendera inapendeza kileleni, hasa tarehe 9 Desemba maana ndiyo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kule juu mwaka 1961 na kila ofisi inataka kufanana naye. Lakini Nyirenda alikuwa mwanajeshi, nyinyi mna muhasibu mwenye presha na kaka wa IT anayeshindia chipsi.

La pili, hizo siku tano. Njia ya Marangu inauzwa kwa siku tano au sita, tofauti yake ni hiyo siku moja ya kupumzika Horombo mwili uzoee, na ofisi nyingi zinaikata kwa sababu ya bajeti. Hiyo siku usikubali ikatwe. Wewe Dar unaishi usawa wa bahari, geti la Marangu tu ni kama mita 1,870, na kuanzia mita 2,500 hivi ndipo ugonjwa wa mwinuko, ule wa mwili kukosa oksijeni ya kutosha, unaanza kuchagua watu wake. Kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi unayovuta inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Kariakoo. Mwili unaweza kuzoea lakini unataka muda, hauna njia ya mkato, na siku moja ya kulala Horombo inausaidia. Mkija kupiga hesabu, bei ya hiyo siku ya ziada kwa Mtanzania siyo kubwa kama mnavyofikiri, ada zetu sisi raia ziko mbali sana na za wageni.

Sasa presha. Mimi siyo daktari na hata ningekuwa daktari nisingekupima kwa barua. Nenda kwa daktari wako anayekuandikia dawa, siyo duka la dawa mtaani, mwambie neno kwa neno: nataka kulala mita 3,720 na pengine 4,720, natembea masaa sita mpaka nane kwa siku, kuna baridi. Wapo watu wenye presha iliyotulia wanapanda na kurudi salama, na wapo ambao daktari atawaambia hapana, inategemea presha yako ikoje na una nini kingine. Akitaka kukuandikia Diamox, ile dawa ambayo wapandaji wengi wanatumia kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mkumbushe unameza dawa gani za presha maana Diamox inakojoza sana na baadhi ya dawa za presha nazo zinakojoza, na kama una aleji na dawa za salfa mwambie pia. Usimeze cha mwenzako eti kwa sababu mko kwenye grupu moja.

Na hapohapo niwaambie na wengine mnaosoma: mwenye selimundu asijaribu huu mlima kabisa bila daktari bingwa kusema neno, na hata wewe mwenye vinasaba vyake tu ambaye huumwi chochote, wale mnaosema mimi nina AS, muulize daktari kwanza, maana kule juu oksijeni ikishuka hata AS inaweza kukuletea maumivu makali ya bandama. Hapa kwetu watu wa hivyo ni wengi na HR hajui, na wengine wenyewe hawajui. Mjamzito naye abaki nyumbani ale maembe.

Je, ofisini uwaambie? Ugonjwa wako ni siri yako na daktari. HR hana haja ya kujua jina lake. Anachohitaji ni karatasi ya daktari iliyoandikwa kwamba huyu anafaa au hafai kwa shughuli nzito kwenye mwinuko mkubwa, mwisho. Hiyo ndiyo barua yako ya kujieleza, bosi hawezi kubishana na muhuri wa hospitali. Lakini, na hapa nataka unisikie vizuri, ukiamua kwenda, mtu mmoja LAZIMA ajue, naye ni mwongozaji mkuu. Mwambie pembeni pale getini, dawa zako ziko mfuko gani, unameza saa ngapi. Yeye ndiye utakayekuwa mikononi mwake saa nane usiku, siyo bosi.

Alafu muulize HR kwa maandishi, emaili inatosha, kama safari hii inahesabika ni kazi. Usicheke. Fidia ya WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni ya mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, sasa kama safari ni ya lazima na asiyekwenda anaandika barua, iitwe kazi na iandikwe kazi, na kama ni matembezi basi iwe hiari kama matembezi. Muulize pia bima yenu ya afya inagusa vipi kuokolewa mlimani maana helikopta haiji kwa salamu. Utaona atakavyokaa sawa kwenye kiti.

Kwamba utaonekana unajitenga, hapana, kuna katikati. Unaweza kwenda nao mpaka Marangu na ukapanda ya siku moja tu mpaka Mandara, mita 2,720, ukasogea mpaka kreta ya Maundi, lile shimo la volkano pale karibu, uone mlima na tambarare yote, ukashuka jioni na mwongozaji, wenzako wakaendelea. Umevaa fulana ya kampuni, umeimba, umepiga picha, umelala Marangu umekula ndizi nyama. Mimi leo ningefanya hivyo bila aibu.

Ukiruhusiwa na daktari na ukataka ya Horombo, una muda. Acha lifti leo. Anza ghorofa mbili, wiki ijayo tatu. Jumamosi tembea na mgongo una begi la kilo tano, hata la mchele. Ukishazoea nenda Pugu kule kwenye vilima vya msitu. Alafu mwezi mmoja kabla ya safari, chukueni treni ya SGR asubuhi na wenzako watatu wanne mwende Morogoro, haifiki masaa mawili, mpande Uluguru mpaka Morningside kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, mshuke, mle, mrudi Dar jioni. Ukiweza hiyo ukaamka kesho yake ukatembea kawaida, una mwanzo mzuri. Na niamini, siku ile Morogoro mtajuana na wenzako kuliko siku zote tano za mlima, kwa sababu bosi hayupo.

SWALI: Anti mambo! Mimi ni kijana wa gym, Kijitonyama, miaka 27, tunapanda na ofisi mwezi wa kwanza. Bosi wetu mpya anapenda watu wa ushindani nataka nimuoneshe. Nikikaza naweza kufika Kibo siku ngapi? Na ni sahihi kubeba kikali kidogo cha kupasha mwili usiku? Mzee wa Gym.

ANTI: Poa mzee. Unaweza kufika Kibo haraka sana, na ukarudishwa kwenye machela ya tairi moja haraka zaidi, ile kitu inaruka mawe kama toroli la mchanga na wewe umefungwa mikanda, bosi anakupiga picha.

Mwinuko haujali kifua. Vijana wa mazoezi nao wanaumia, maana miguu yao inaweza kuwafikisha kabla mwili haujazoea. Ukiona unashindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, umekwenda mbio. Wale waongozaji wanaosema pole pole kila dakika tano sio kwamba wamezoea kuwaambia Wazungu, ndiyo kazi yenyewe. Kama unataka bosi akuone, tembea nyuma na yule anayechelewa, mbebee begi lake dogo, hakikisha kanywa maji. Huyo ndiye atakumbukwa, ila usinikabe kama bosi wako hana macho.

Kikali acha Moshi. Pombe inakukausha, inakuharibia usingizi na inaficha dalili, ukiamka kichwa kinauma hujui ni mlima au ni chupa. Hivyohivyo dawa za usingizi. Kichwa kikiuma kidogo na hamu ya kula ikipungua mwambie mwongozaji mapema, hapo mara nyingi unapumzika tu palepale mpaka kiishe ndipo upande tena. Lakini ukianza kuyumba, kuongea vitu havieleweki, au unahema hata umekaa na unakohoa mapovu, hakuna kupumzika wala kusubiri asubuhi, ni kushuka dakika hiyohiyo hata kama ni usiku. Dawa kubwa ya ugonjwa ule ni kushuka, hizo nyingine ni za kukusogeza tu.

SWALI: Anti naomba usitaje hata herufi ya jina langu. Tunaenda wanawake watatu na wanaume kumi na moja. Nitakuwa kwenye siku zangu nahisi. Vyoo vikoje? Na kuna baridi namna gani, nguo zangu ni za ofisini tu, sina hata koti. Nifanyeje mbele ya wanaume wote hao?

ANTI: Swali zuri na huyo HR wenu mwanaume hajalifikiria. Mandara, Horombo na Kibo kuna vyoo, Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala vyenye vitanda, nyingine zote ni mahema. Shida ni njiani, kati ya kituo na kituo unaenda nyuma ya jiwe, kwa hiyo nyinyi watatu mfanye mpango wa kushikiana kanga, mmoja anaingia wawili wanasimama. Kanga moja mlimani ina kazi ishirini.

Jiandae hata kama kalenda inasema bado, mwinuko na uchovu vinaweza kuvuruga tarehe, wengi wameshtukizwa. Beba pedi za kutosha siku zote, vitambaa vya maji vya watoto, sabuni ya mikono, na mifuko miwili mitatu mizito ya kuwekea zilizotumika uzishushe na wewe chini, usitupe kule. Ukimeza Diamox jua utaamka usiku kukojoa na ni baridi inayokata masikio, lala umevaa, weka raba mlangoni na tochi chini ya mto, mwamshe mwenzako mwende wote, usione haya.

Nguo usinunue mpya. Jinzi na pamba acha kabisa, zikilowa hazikauki. Nenda soko la Memorial pale Moshi siku moja kabla, mitumba ya makoti mazito ya Ulaya yamejaa, chagua polepole, au kodisha kwa kampuni inayowapandisha, wengi wanakodisha koti, fimbo mpaka begi la kulalia. Kitu ambacho usikodi ni viatu, buti zako zivae Dar wiki tatu nzima mpaka zikujue, hata kama watu wa ofisini watakucheka umevaa sketi na buti. Na kata kucha za miguu! Hili hamna anayewaambia. Wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu masaa na masaa, mimi nilipoteza kucha mbili kubwa na niliishia 5,150 tu. Simu ilaze ndani ya begi la kulalia na wewe, baridi inamaliza chaji, na msiwe na wasiwasi Horombo intaneti ipo tangu 2022, mtaposti.

SWALI: Mambo Anti, mimi nakusoma kutoka Nairobi. Niko kamati ya wafanyakazi, tuko watu ishirini na tano, pesa ni kidogo na siku ni moja tu, Jumamosi. Wakubwa wanataka kitu kigumu kigumu, watu watoke jasho. Nimefikiria Mlima Longonot, huku kwetu Kenya. Waonaje? Na nyinyi wa Tanzania mnatuambia nini kuhusu tipu, sisi hubishana kila mara.

ANTI: Poa sana, karibu. Longonot nilipanda mara moja na mashemeji zangu na bado magoti yananidai. Kwa siku moja na pesa kidogo ni chaguo zuri sana. Kutoka getini mpaka ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, inapanda lakini mtu wa kawaida anafika. Kile kinachoua watu ni kuzunguka ukingo wote, kilomita saba na kidogo, juu chini juu chini, na kilele chake mita 2,776 kiko hukohuko kwenye mzunguko, udongo ni vumbi la volkano linateleza na sehemu nyingine njia ni nyembamba kama mfereji. Jua linakuchoma mgongo na maji hamna huko juu, kila mtu abebe lita mbili tatu zake, na msiwaamini wale watakaosema mimi sinywagi maji.

Kwa hiyo fanyeni lile nililomwambia mama wa Tabata. Tangazeni kabisa tangu kwenye basi kwamba mwisho wa ofisi ni ukingo wa kreta, hapo mnakutana wote 25, mnakula, mnapiga picha, mnaangalia ule msitu ulioko chini ndani ya kreta, watu wanashangaa wenyewe. Baada ya hapo anayetaka mzunguko azunguke kwa kikundi, wasipungue wanne, na saa ya kurudi getini iwe moja kwa wote. Ondokeni Nairobi alfajiri, mkianza kupanda saa nne mmeshachelewa, jua limeshawakalia. Na msiweke zawadi ya wa kwanza kufika, mkitaka kutoa zawadi tafuteni kingine cha kuzawadia, hata aliyebeba sufuria la pilau.

Tipu. Longonot si lazima mbebewe vitu kwa hiyo hapo hamna kesi kubwa. Kesi iko Kilimanjaro, na hii naomba maofisi ya kwetu yasome. Kule kila mpandaji ana wagumu kadhaa nyuma yake, mpishi, msaidizi, mwongozaji, na mgumu mmoja anaruhusiwa kubeba mzigo wa kilo 20, nyingi mno tayari. Ofisi yetu tulifika getini jioni ya mwisho, tumechoka, bosi anatoa hotuba, alafu ikaja kujulikana hamna aliyekusanya hela ya kuwashukuru, HR alifikiri kampuni imelipia kila kitu. Ikabidi tuanze kuchangishana hapohapo mbele yao, mmoja anatoa elfu tano anaomba chenji. Sijawahi kuona aibu vile. Yule kijana aliyenishusha kutoka pangoni nilimkuta ameegemea geti, viatu vimeachama vidole vinaonekana, nikampa soksi zangu nzito na nilichokuwa nacho kwenye pochi, akasema asante mama, karibu tena mwakani umalizie.

Kwa hiyo hela ya tipu iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na basi, kiasi kiulizwe kwa kampuni inayowapandisha, mtu mmoja awe mweka hazina, itiwe kwenye bahasha kila mmoja na jina lake juu, na wakabidhiwe wenyewe mkononi wote wakiwepo. Na hilo jambo la kilo 20, pungusheni mabegi yenu. Mwenzetu mmoja alipanda na pasi.